Pombe ya Injini

Generoza alipofika kwenye kizuizi cha barabara alikuwa ametukana njia nzima, kutoka mlangoni kwake mpaka ng'ambo ya daraja, na bado matusi hayajamwisha. Pikapu ya marehemu mumewe, Gaspari, ilikuwa imewekwa pembeni nyuma ya banda la mabati, imefungwa mnyororo kwenye gurudumu kama mbuzi aliyekamatwa shambani kwa watu. Mwanawe Fideli alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlango wa gari, kichwa kati ya magoti.

"Wamekupiga?"

"Hapana, mama."

"Basi inuka, usikae kama mfiwa. Ndizi ziko wapi?"

"Zimo humo humo. Wamesema hata turubai nisiguse."

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, na Ngara yote imefurika wakimbizi. Vilima ambako wenyeji walichunga ng'ombe vilikuwa vimeota mahema. Miti imekwisha, kuni zinatafutwa kwa safari. Barabara ile ya vumbi, ambayo zamani watoto walikimbilia kuona gari likipita, sasa ilikuwa na magari meupe ya mashirika tangu alfajiri, yenye namba za Kenya, za Uganda, na nyingine za nchi ambazo Generoza hakuwahi kuzisikia. Kwa hayo kizuizi kiliinuliwa yakiwa bado mbali, wala hayakupunguza mwendo. Pikapu ya kijani iliyobeba ndizi za kwao, nje kidogo ya Rulenge, ndiyo iliyoshushiwa mti wa kizuizi.

Bwana forodha alitoka bandani akifunga kifungo cha shati. Alikuwa kijana wa upande wa Bukoba, jina lake Xavery, mwenye sauti ya upole kama katekista.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari langu lina kosa gani?"

"Hili gari ni la nje, mama. Limeingia nchini bila ushuru."

Generoza alimtazama, akalitazama gari, akamrudia yeye.

"La nje ya wapi? Gaspari amelinunua kwa kahawa yake baada ya vita vya Kagera. Wewe wakati huo unanyonya! Kuku wangu wametagia humo ndani. Nje ya wapi?"

"Kadi ni ya mzee, sikatai. Bodi ni ile ile. Lakini nimefungua boneti, namba ya injini siyo ya kwenye kadi. Injini ndiyo gari, mama. Injini ikiwa ya nje, gari ni la nje."

"Na ile injini ya kwanza ilitengenezwa wapi? Muleba?"

Watu waliokuwa wakisubiri lifti pale kizuizini wakacheka. Cheko lile lilimwongeza mori.

"Na hilo unalokuja nalo wewe kazini, limefuliwa Biharamulo? Nionyeshe gari moja katika nchi hii lililozaliwa hapa. Moja tu! Nikiliona, hili langu nakuachia na ndizi zake."

"Mama, yote yametengenezwa nje, hilo najua. La kwetu ni lile lililolipiwa ushuru likapewa namba yetu."

"Kwa hiyo kibati ndicho kinacholifanya liwe la hapa. Sawa. Na hayo meupe?"

"Hayo yana msamaha."

"Msamaha! Yamekosa nini mpaka yasamehewe?"

Xavery alijipangusa jasho, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakutaka ugomvi na mtu wa umri wa mama yake. Jioni lingekuja gari la kuvuta kutoka Ngara mjini, na likishavutwa, yeye hana tena la kufanya. Lingekwenda kuuzwa mnadani. Lakini kama wako watu wa kilima chake wa kusema kwamba gari hili ni la pale tangu zamani na injini imetoka gereji ya humu humu nchini, iwe Ngara, iwe Biharamulo, basi angeinua mti yeye mwenyewe.

"Watu?" Generoza aligeuka. "Watu ndio hao wanakuja."

Na kweli, kilima kizima kilikuwa kinashuka. Mbele alikuwa mzee Bernardo na fimbo yake, nyuma yake Adelfina, jirani wa mpaka mmoja na Generoza, mdomo umeshaanza kazi kabla miguu haijafika. Habari ya gari kukamatwa ilikuwa imewatoa mashambani na majembe mikononi.

Kulikuwa na sababu ya watu kuacha kulima. Gari lile lilipokufa injini, Gaspari alilisukumia kwenye migomba akisema atalitengeneza kahawa ikiuzwa. Kahawa ilishuka bei, naye akaugua tumbo. Walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali Rulenge, mvua inanyesha, wabebaji wanateleza, wakipokezana. Alikata roho njiani, kabla hawajauona hata mnara wa kanisa, na gari lake mwenyewe limekaa nyumbani majani yanaota dirishani. Generoza alitembea nyuma ya machela ile. Tangu siku hiyo hakuweza kupita penye migomba ile bila kutema mate.

Halafu Warundi wakakimbia vita kwao. Mmoja wao, Nduwayo, fundi, alivuka na mke na watoto katika gari dogo lililotumbukia korongoni chini ya kilima na kuvunjika mgongo. Watoto wake walilala kwa Generoza, wakala kwa Generoza, mpaka walipopewa hema kambini. Siku ya kuondoka Nduwayo alisema hana cha kumpa ila kile kilichobaki kizima korongoni. Yeye na Fideli wakaing'oa injini, wakaipandisha kwa kamba na mti begani, wakaichongea mahali pa kukaa kwenye pikapu ya Gaspari. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikawaka. Generoza alikuwa amebeba sufuria, aliliacha likaanguka.

Na kwa sababu kitu kilichotoka kwenye boma la wengine hakiingii hivi hivi, alikamua ndizi, akapika pombe, akawaita majirani. Kwao ndivyo anavyopokelewa ng'ombe aliyetoka mbali: watu wanakunywa mbele yake, mzee anasema kwa sauti, "Tumemwona, ameingia, hakuibwa," na hapo tena hakuna wa kuinua mdomo kumdai. Bernardo ndiye aliyesema maneno hayo mbele ya boneti.

Sasa alisimama mbele ya Xavery akapiga fimbo chini.

"Nani anasema gari hili si la Generoza?"

"Mzee, shikamoo. Mnalifahamu?"

"Kulifahamu! Tumelinywea pombe!"

"Pombe ya nini?"

"Bernardo," Generoza alisema, "jibu ulichoulizwa tu."

Lakini Adelfina alikwisha kuingia katikati. "Ya kulipokea, mwanangu! Lilipotoka Burundi. Mimi mwenyewe nilikunywa vibuyu viwili, muulize huyu. Lilitoka Burundi mchana kweupe, wote tunaangalia. Aliyelitoa katoa kwa mkono wake. Halikuibwa!"

"Halikuibwa!" wengine wakapokea. "Lilitoka Burundi! Tuliliona!"

"Adelfina, nyamaza!"

"Sinyamazi, dada, haki yako itapotea! Tulia tukutetee!"

Na wakamtetea. Kila mmoja aliongeza lake: korongo lilipokuwa, kamba iliyotumika, wimbo walioimba wakipandisha. Walidhani wanasukuma mbali neno la wizi, kwa maana kwao mtu akikwambia kitu si chako anakuita mwizi, hakuna maana nyingine. Walikula kiapo. Bernardo alivua kofia. Na kadiri walivyosema ukweli wao kwa moyo, ndivyo Generoza alivyoona mnyororo ule ukikaza kwenye gurudumu.

Walipokwisha walimtazama Xavery wakitabasamu, wakingoja ainue mti.

"Mama," Xavery alisema, "umewasikia mwenyewe."

"Nimewasikia. Wewe ndiye usiyesikia. Wamesema limeingia kwangu mbele ya macho ya watu, limepokelewa. Magari yako yanapokelewa na nani? Na kibati!"

"Serikali haijui pombe, mama."

"Haijui? Mjukuu wa huyu mzee alikaa vibaya tumboni, usiku ule injini hiyo ndiyo iliyompeleka mama yake Rulenge. Mtoto yuko hai, anatambaa. Na yeye ni wa nje? Mlipie ushuru! Mlete umfunge mnyororo!"

Hata waliokuwa wakingoja lifti walitazama chini. Xavery aliliendea gari, akalizunguka, akaweka mkono juu ya boneti. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepata la kusaidia.

"Kwa injini isiyo na karatasi hata ushuru siwezi kupokea. Lakini bodi ni yenu, tangu zamani, na kadi ipo. Acheni injini hapa. Bodi nendeni nayo."

Fideli alicheka, cheko baya. Generoza hakucheka. Alimsogelea kijana yule mpaka akanusa sabuni ya shati lake.

"Unajua ulichosema? Umeniambia nichukue mwili wa mume wangu nikuachie moyo."

"Mama, ni hivyo au liende lote."

Kama angekuwa na jiwe mkononi angelirusha. Alitazama juu barabarani ambako gari la kuvuta lingetokea. Alitazama pikapu ile ya kijani, yenye mkwaruzo mlangoni wa mwaka Gaspari alipogonga lango la misheni akijifunza kuendesha. Aliona ikiuzwa na watu wasiomjua, kwa watu wasiomjua.

"Fideli. Toa injini. Taratibu, usikate waya wa watu."

"Mama!"

"Toa. Iliingia kwa mikono yako, itatoka kwa mikono yako. Huyu hataigusa kwa nyundo."

Kazi ile ilichukua mchana wote. Injini ilipowekwa mchangani kando ya banda, Generoza alivua kanga yake ya juu, akaifunika, akamwambia Xavery, "Mvua ikiinyeshea utanijua." Xavery akaitika kwa kichwa tu. Mnyororo ukafunguliwa.

Adelfina alikuja pembeni yake, mikono kifuani. Alikuwa ameelewa. Uso wake ulikuwa umeshuka wote.

"Dada Generoza. Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Mlikunywa pombe yangu?"

"Tulikunywa."

"Basi sukumeni."

Alipanda mbele, akakaa wima karibu na Fideli aliyeshika usukani, akafunga mlango kwa kishindo. Kilima kizima kikaweka majembe nyuma pamoja na ndizi, kikaweka mikono kwenye bodi. Mteremko wa kwenda darajani ulikuwa mwepesi. Gari lilienda lenyewe, kimya, matairi tu yakisikika kwenye changarawe. Baada ya daraja ukaanza mlima. Likapunguza mwendo, likasimama, likaanza kurudi nyuma. Wakaweka jiwe. Wakasukuma tena hatua chache, wakaweka jiwe. Kwenye kioo Generoza alimwona Bernardo ameacha fimbo, mishipa ya shingo imesimama, na Adelfina begani kwake, anateleza, anainuka.

Alikaa hivyo mpaka kona ya kwanza. Halafu akafungua mlango, akashuka, akaja nyuma. Adelfina alisogea kumpa nafasi na kufumbua mdomo.

"Usiseme nami," Generoza alisema. "Leo usiseme nami kabisa."

Akaweka bega.