Pembezoni mwa Kitabu cha Dua

Nilikuwa nimelaza kitambaa chenye unyevu juu ya ukurasa wa sita, nikihesabu polepole hadi mia mbili, Bi Gulnari alipogonga meza yangu kwa bakora.

"Fundi, kisu unacho. Kata pembezoni kote, vidole viwili tu, tumalize."

"Shangazi, kitabu nimekileta mimi," alisema Mussa.

"Umekiiba kabatini kwangu."

Sikuinua macho. Ufundi huu nilijifunza peke yangu, kwa kufumua Biblia zilizochakaa za makanisa ya mjini na kuzishona upya katika chumba hiki ninachopanga huku ughaibuni La Rochelle. Kitabu cha dua cha Waajemi sikuwahi kukishika. Mussa alinieleza kwamba kilikuwa cha mume wa Bibi Mahrukhi, bibi yake shangazi, aliyetoka Bushehri, bandari ya Waajemi, akaolewa Ujiji zaidi ya miaka mia iliyopita. Mume hakujua kusoma. Alikiweka kwa heshima na kwa kuapia. Mkewe alijua. Akaandika mambo yake pembezoni, kwa mwandiko mdogo uliolala, na mume akakishika kila Ijumaa bila kutambua kitu.

Baadaye mtu alibandika vipande vya karatasi juu ya maandishi hayo. Gundi yake ni uji wa muhogo, hulegea kwa unyevu. Lakini wino ni wa masizi, na maji yakizidi unafutika. Ndiyo maana nahesabu.

Kipande cha sita kikatoka. Mussa aliupiga picha ukurasa kwa simu, amtumie mwalimu mmoja anayejua Kiajemi. Kisha akasita.

"Ya nini mwalimu? Shangazi, Bibi mwenyewe alikufundisha kusoma. Soma."

"Sisomi."

"Kwa sababu wewe ndiye uliyebandika."

"Ndiyo, nilibandika! Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wakwe wanakuja kuulizia ukoo. Ulitaka niwafungulie?"

"Wakakuta Waajemi watupu. Na sisi ukatulisha uongo huo huo. Mama yangu amekufa hajaruhusiwa kugusa sahani zako, eti mkono mweusi."

"Alikuwa mchafu."

Mussa alisimama. Mimi niliweka chini kijiti cha mfupa ninachobandulia karatasi.

Bi Gulnari akakivuta kitabu, akasoma kwa haraka, akitafsiri kama anayetukana:

"'Wananipongeza kwa mtoto. Sikuzaa. Ni wa msichana wa jikoni. Bwana amemfukuza jana, maziwa yanamvuja kifuani. Wamemwambia mtoto amekufa. Nami nilinyamaza. Jina lake ni...'" Ukurasa uliishia hapo. Akakisukuma kwangu, akamgeukia Mussa. "Haya. Huyo mtoto ndiye babu yako. Ndiye baba yangu mimi. Umefurahi?"

"Na huyo msichana, jina lake nani?"

"Sijui."

"Uliliona kabla ya kubandika."

"Nimelisahau kwa makusudi. Na wewe mshona Biblia, unasikiliza nini?"

Kabla sijajibu alikamata kikombe changu cha maji na kukimimina kuelekea ukurasa wa saba. Nililalia kitabu kwa mkono mzima. Maji yaliishia kwenye shati langu na kwenye vitabu vya nyimbo vya kanisa.

"Mama," nikasema, "kwenye meza hii anayetia maji ni mimi peke yangu."

Hakuomba radhi. Nilikausha meza, nikalaza kitambaa juu ya kipande cha saba, nikahesabu. Pembe moja ilinyanyuka. Chini yake wino ulikuwa unang'aa, ishara kwamba umeanza kulowa. Nikaacha.

"Malizia," alisema Mussa. "Imebaki kidogo sana."

"Nikivuta leo, jina litaondoka na gundi. Likauke kwanza. Kesho saa tatu."

"Nitafika saa mbili," alisema Bi Gulnari.

"Fika hata alfajiri," Mussa akamjibu. "Utanikuta mlangoni."

Waliondoka wakigombana hadi barabarani. Nikakibana kitabu kati ya mbao mbili, nikaweka pasi baridi juu yake, na kufunga kabati kwa ufunguo.