Nani Alimchora Mbweha

Firdausi Yahya alikuwa mtu wa masijala, na mtu wa masijala, kama humjui, haamini kwamba mvua inanyesha mpaka aione barua yake. Miaka kumi na sita alikuwa akitunza majalada katika ofisi moja ya serikali pale Kibaha. Ukimwambia bosi amesema, anakuuliza amesema kwenye folio namba ngapi. Mumewe mwenyewe alirudishiwa barua ya posa kwa sababu haikuwa na tarehe. Akaiweka tarehe, akakubaliwa.

Sasa, mtu huyu alikuwa na baba, na baba alikuwa na jambo moja lisilo na karatasi.

Mzee Yahya Mwinyimadi wa Chole, na tuelewane mapema kwamba ni Chole ya Kisarawe, si kile kisiwa cha Mafia, alikuwa akisema kwamba zamani, alipopelekwa Japani kusomea ufundi wa redio, alitengeneza gemu. Si kucheza, kutengeneza. Jioni baada ya masomo alikuwa akipanda ngazi za kampuni moja ndogo juu ya duka la tambi mjini Osaka, anachora mbweha mwekundu kwenye karatasi ya miraba, anajaza rangi kijumba kwa kijumba. Mbweha akaingizwa kwenye kaseti, na watoto wa Kijapani wakacheza mpaka wengine wakafeli mitihani. Alisimulia bila kujivuna, kama mtu anayesema aliwahi kuishi Morogoro. Mwaka 1989 mama yake aliugua, akarudi Chole, akawa fundi redio. Picha hakuna, cheti hakuna, kaseti hakuna.

Firdausi alilelewa na shangazi yake huko Tangini, mjini Kibaha, kwa ajili ya shule. Chole alikwenda likizo na misiba. Alipokuwa na miaka tisa alikufa bibi yake, mama yake Mzee Yahya, na hapo uani, jeneza likiwa limeletwa lakini maiti bado hajawekwa, akatokea Mzee Mashaka. Mashaka alikuwa Mnyamwezi. Baba yake alikuja pwani kukata mkonge akasahau njia ya kurudi Tabora. Basi Mashaka akapanda kwenye lile jeneza, akalala chali, akajifunika shuka, akasema haondoki mpaka apewe kuku.

"Mama huyu alizaa vizuri wote isipokuwa Yahya!" akapaza sauti kutoka ndani ya shuka. "Yahya muongo! Eti kawatengenezea Wajapani gemu! Redio yangu tu imemshinda!"

Watu wazima walicheka huku wakifuta machozi. Kuku akaletwa, Mashaka akashuka, mazishi yakaendelea.

Mtoto wa Tangini aliona nini? Aliona mtu mzima amelala juu ya jeneza, mahali ambapo kwa akili yake hakuna binadamu angethubutu kusema uongo, akatamka kwamba baba yake ni muongo, na ua mzima ukacheka. Baba mwenyewe alicheka. Kwake yeye ushahidi ulikuwa umekamilika. Tangu siku ile alimpenda baba yake kwa adabu zote. Alimsalimia kwa magoti, alimpeleka hospitali ya Tumbi kupimwa presha, na kila mzee alipoanza habari za mbweha alijibu "Sawa, Baba," kisha akauliza kuhusu mihogo.

Miaka ishirini na sita ikapita hivyo, jamani, kwa habari za mihogo.

Jumatatu moja alikuja masijala Didas, yule mtu wa kompyuta ambaye kompyuta zikiwa nzima hana pa kukaa. Alikuwa anasoma kwenye simu habari za watu fulani, wametapakaa dunia nzima, wanaowatafuta watengenezaji wa gemu za zamani za Kijapani. Kampuni za wakati ule, alieleza, zilikataza majina halisi yasiandikwe, zikiogopa wapinzani watawanyakua mafundi wao. Kwa hiyo ukimaliza gemu yanapita majina ya kubuni tu: Chura, Bwana Usingizi, Mama Tofaa. Kazi ya watu hawa ni kujua Chura alikuwa nani.

"Hawana shughuli?" Firdausi aliuliza.

"Wanazo. Ndiyo hii." Didas akamsogezea simu. "Gemu ya mwaka themanini na nane, Taa za Mbweha. Majina sita, matano wenyewe wameshapatikana. La sita limewashinda. Soma hapo. Chole. Chole si kwenu?"

Firdausi aliweka kikombe chini. Kulikuwa na kurasa kumi na nne za mabishano. Mmoja alishikilia kwamba Chole ni kifupi cha kolesteroli, maana huenda mchoraji alikuwa mnene. Mwingine alikuwa amekwishapata kisiwa cha Chole kule Mafia, akahitimisha kwamba mchoraji alikuwa Mjapani mpenda kuzamia, na watu sabini walikuwa wameafiki. Chini kabisa palikuwa na picha ya mbweha mwekundu, amesimama kwa miguu miwili, ameshika taa.

Alisoma kurasa zote kumi na nne. Majalada mawili yalisubiri kupelekwa kwa mkurugenzi na hayakupelekwa. Aliona aibu, kisha haraka sana aibu ile ikageuka hasira, na hasira ikaelekea Chole. Kwa hiyo huenda baba yake alisema kweli! Na kijiji kizima kikamcheka, juu ya jeneza la mama yake! Aliapa hapohapo, mbele ya Didas na mihuri yote, kwamba ushahidi ukipatikana baba yake atasafishwa jina angali hai, na waliomcheka watakuwepo wasikie.

Aliandika barua pepe kwa mkuu wa wale watafutaji, Bwana Tanabe wa Nagoya, mstaafu wa posta. Majibu yalikuja asubuhi. Bwana Tanabe alishukuru kwa heshima zote, akasema watu kumi na mmoja wameshadai kuwa wao ndio Chole, akiwemo daktari wa meno, na kwamba yeye hapokei maneno. Anapokea kitu cha wakati ule. Akaongeza kwamba gemu inatolewa upya, safari hii kwa majina halisi, na orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana, saa za Japani. Barua ilikuwa na tarehe na namba ya kumbukumbu. Firdausi alimpenda mtu huyu papo hapo.

Akampigia baba yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Zile karatasi ulizochorea mbweha, zipo?"

Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kuuliza. "Zipo," mzee alisema. "Anazo Mashaka."

"Mashaka?"

"Alizikuta mezani mwaka tisini na moja, akasema zake, akachukua."

"Na wewe ukamwachia!"

"Sasa ningefanyaje? Si Mashaka?"

Firdausi alikata simu. Yaani mtu aliyemwita baba yake muongo ndiye aliyeukalia ushahidi! Dunia ina watu, na wengine wana roho za chuma.

Jumatano alfajiri aliomba ruhusa, akapanda magari mawili na bodaboda moja, akafika Chole kabla ya adhuhuri. Hakupitia hata kwa baba yake. Mzee Mashaka alikuwa barazani kwake anabangua korosho.

"Shikamoo."

"Marahaba. Huyu nani? Aa, mtoto wa yule muongo. Umeleta kuku?"

Hakuleta kuku. Alileta barua. Ilikuwa barua rasmi ya kuomba kurejeshewa nyaraka, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na nakala kwa mtendaji wa kata. Mashaka aliisoma yote kwa makini, mpaka jina la mtendaji, akaigeuza nyuma.

"Sijaona kuku humu," akasema, akairudisha.

Walitazamana. Halafu Firdausi, afisa kumbukumbu daraja la kwanza, alikwenda nyumba ya pili kwa Bi Mwamvita kutafuta jogoo. Bi Mwamvita hakuuliza wa nini. Aliuliza tu, "Wa Mashaka?" akamshika mmoja na kumfunga miguu. Mashaka alimpokea jogoo, akampima kwa mkono, akalalamika kwamba amekonda kama ukoo mzima wa Mwinyimadi, kisha akaingia ndani.

Alirudi na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kitenge, ndani ya kitenge nailoni, na ndani ya nailoni karatasi arobaini na moja, zimenyooka, hazina kunjo hata moja, kati yake majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Majani yalikuwa mabichi. Mbweha anakimbia, mbweha anaruka, mbweha amelala, mbweha anakufa. Kila karatasi ilikuwa na mhuri wa Kijapani na tarehe, na pembeni kwa penseli, kwa mwandiko ambao Firdausi aliujua tangu barua za shule, limeandikwa jina Chole.

Akakaa chini.

"Mbona umezitunza hivi?" akauliza.

"Ulitaka nizitunzeje?" Mashaka alijibu, akarudi kwenye korosho zake.

Hakuwa na muda wa kuuliza zaidi. Alipiga picha zote, akazipa namba moja hadi arobaini na moja, akapanda kilima cha shule ambako mtandao unashika, akatuma. Saa tisa na dakika kumi yalikuja majibu. Bwana Tanabe aliandika kwamba mbweha wa gemu ile ana vidole vinne kila mguu, isipokuwa anaporuka, ambapo mguu wa nyuma wa kushoto una vidole vitatu. Kwamba kosa hilo wanalijadili tangu zamani, na watu wawili hawaongei kwa sababu yake. Na kwamba katika karatasi namba kumi na tisa amehesabu vidole vitatu. Alihesabu mara nne. Jina la Yahya Mwinyimadi linaingia kwenye orodha, na yeye binafsi anamwinamia.

Firdausi alilia pale kilimani mpaka bodaboda akamuuliza kama kuna msiba.

Ijumaa alirudi Chole na mchele, nyama, na barua ya Bwana Tanabe imechapwa kwenye karatasi nzito. Baada ya swala watu walijaa ukumbini kwa Mzee Yahya wakila pilau, Mashaka akiwa amekaa karibu na sinia kuliko mwenye nyumba. Firdausi alisimama, akakohoa, akaisoma barua yote kwa Kiswahili, pamoja na vidole. Kisha akaikunja.

"Kwa hiyo kuanzia leo," alisema, "asiwepo mtu yeyote hapa Chole wa kumwita baba yangu muongo."

Bi Mwamvita, aliyekuwa mlangoni na wanawake wenzake, akashusha tonge.

"Kwani nani kamwita muongo?"

"Huyu!" Firdausi alimnyooshea kidole Mashaka. "Siku ya msiba wa bibi, amelala kwenye jeneza! Na ninyi nyote mkacheka! Mimi nilikuwepo!"

Watu wakatazamana. Ilikuwa ile namna ya kutazamana watu wanapogundua kwamba mgeni amekunywa maji ya kunawia.

"Mama," Bi Mwamvita alisema polepole, "huyu Mnyamwezi. Sisi Wazaramo. Ni mtani wetu. Sasa angemwitaje, sheikh?"

"Mimi mbweha wa baba yako nimemjua wewe hujazaliwa," Mashaka alisema. "Ningekuwa namwona muongo kweli, ningechukua karatasi zake? Mtani anachukua kitu cha maana. Takataka namwachia mwenyewe."

"Hapa Chole nani asiyejua habari ya mbweha?" mwingine aliuliza. "Mpaka watoto wa chekechea wanaijua."

"Tukajua na wewe unajua," Bi Mwamvita alimalizia.

Firdausi alibaki amesimama na karatasi yake. Alitafuta uso mmoja wenye hatia mle ukumbini, hata mmoja tu, wa kuusomea barua. Haukuwepo. Alikuwa amekuja kuhukumu kijiji kizima, na kati ya wote waliokuwepo alikuwa ni mmoja tu aliyewahi kuamini kwamba Yahya anadanganya.

Mzee Yahya alinawa mkono taratibu, akaufuta.

"Firdausi."

"Abee, Baba."

"Wewe ulikuwa unaona nadanganya?"

Angeweza kusema hapana. Watu wangemsaidia, Mashaka angetupa neno, kicheko kingefunika. Lakini hakuwahi kumdanganya baba yake.

"Ndiyo, Baba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Hii ya juzi, Baba. Saa tisa na dakika kumi."

Mashaka akaangalia sinia.

"Mashaka huyu," mzee alisema, kwa sauti ileile ya kusimulia habari za kawaida, "ananitukana mwaka wa thelathini na tano sasa, na hajafikiria hata siku moja kwamba nasema uongo. Wewe hujanikosea adabu hata siku moja."

Firdausi alipiga magoti. "Niwie radhi, Baba. Niwie radhi."

"Radhi unayo. Tangu zamani unayo." Akamsogezea sahani. "Kaa ule, wali unapoa."

Akakaa, akala mbele ya watu wote huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyecheka.