Alama za Shemeji

Mhadhiri wa Misingi ya Usalama wa Mitandao alikuwa na miaka kumi na sita kwenye somo hilo, na wanafunzi walimwita Mzee Slaidi. Hakulijua jina hilo mpaka siku alipolikuta limeandikwa kwa wino nyuma ya kiti cha maabara, na pembeni yake mchoro wa mtu mwenye kipara akisoma maandishi ya projekta ukutani. Alilisugua kwa kidole chenye mate, wapi! Lakini si jina lililomuuma. Kiti cha jirani kilikuwa na jina la mwenzake, Laivu, na huyo Laivu alichorewa nyota tatu.

Sasa Laivu ni nani? Hapo ndipo penye balaa. Laivu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake, baba mmoja mama mmoja. Tena alikuwa mwanafunzi wake, kakaa mstari wa mbele miaka mitatu, kaenda kusoma zaidi, karudi na raba nyeupe na kompyuta iliyojaa stika, kapewa saa za maabara za somo lile lile. Mzee akabaki na saa za nadharia. Nadharia asubuhi: watu ishirini na wanne, nusu wanasinzia. Maabara mchana: watu tisini, wengine wamesimama madirishani, na wengine hata somo lenyewe si lao, jamani!

Laivu hakusoma slaidi. Aliunganisha kompyuta mbili mbele ya watu, akatuma ujumbe kutoka hii kwenda ile, kisha akawaonyesha ule ujumbe ukipita njiani uchi wa mnyama, kila herufi inasomeka na yeyote mwenye kuchungulia. "Haya, tuuvalishe nguo," alisema, akaufunga kwa msimbo, ukageuka takataka isiyosomeka. Darasa likapiga meza. Mzee alizisikia hizo meza ofisini kwake, ghorofa ya chini, akafunga dirisha ingawa kelele hazikupitia dirishani.

Nyumbani nako hakukuwa na ahueni.

"Leo nimekutana na mama mmoja dukani," mke wake alimwambia huku akikunja nguo. "Binti yake anasema hajapata kuona mwalimu kama Laivu. Nikamwambia, huyo ni mdogo wangu!"

"Hukumwambia kwamba na mimi nafundisha somo hilo hilo?"

"Hakuniuliza, baba watoto."

Mzee akameza tonge bila kutafuna.

Yote hayo angeyavumilia, kama si kikao cha katikati ya muhula. Mkuu wa idara, mama asiye na maneno mengi, alitangaza kwamba mwaka ujao somo la usalama wa mitandao litakuwa na mhadhiri mmoja tu. Angemtaja kabla ya muhula kufungwa. Atakayekosa angehamishiwa Utangulizi wa Kompyuta, yaani kuwafundisha watu wa idara nyingine jinsi ya kuwasha, kuzima na kuhifadhi faili. Miaka kumi na sita, halafu akamalizie maisha kwenye kitufe cha kuwashia!

Katika kikao hicho hicho mkuu alitoa taarifa ya pili. Wanafunzi wa maabara wangefanya zoezi la barua pepe za hadaa, zile za kumlaghai mtu atoe nywila yake. Kwa wiki mbili wangewategea watu wote wa idara, wanafunzi kwa walimu, kisha wasome matokeo ukumbini.

"Na mimi nimo?" aliuliza Laivu.

"Nawe umo. Mitego nimeiona mimi na wanafunzi tu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nani wa kumtega? Yeye ndiye aliyewafundisha nusu ya walimu wa hapo kwamba usimpe mtu nywila yako, hata akikulilia.

Ikaja Jumatano, saa nne asubuhi. Alikuwa ametoka darasani, na siku hiyo waliofika walikuwa kumi na tisa. Akakaa, akafungua barua pepe, akakuta moja mpya. Kichwa chake: *Tathmini ya wanafunzi kwa walimu, alama zako na za mwalimu mwenzako.* Ndani yake mistari miwili: bofya hapa, ingiza nywila yako, ulinganishe, kiungo kitafungwa saa sita mchana.

Usidhani hakuona. Aliona! Anwani ya mtumaji ilikuwa imepungukiwa herufi moja katika jina la chuo. Haraka hiyo ya saa sita ilikuwa haraka ya matapeli. Na ofisi gani ya kweli humwomba mtu nywila kwa barua? Dalili zote za mtego zilikuwa pale, kwa mpangilio ule ule anaoufundisha. Ila roho ilimwambia: na kama ni kweli? Alitaka kuona tarakimu moja tu, ile ya Laivu. Kama ni kubwa, ajue kubwa kiasi gani. Kama ni ndogo, loo, hiyo angeisoma hata ikiwa imeandikwa juu ya bomu.

Akabofya. Akaingiza nywila, herufi zote kumi na nne, bila kukosea hata moja. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukaandika: *Umenaswa. Hili ni zoezi. Usiwe na wasiwasi, mwone mwalimu wako wa usalama wa mitandao.*

Mwalimu wake wa usalama wa mitandao! Jasho lilimtoka mpaka kwenye magoti. Akabadilisha nywila, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa humo mpaka wakati wa kwenda nyumbani. Tarakimu yenyewe hakuiona, na hilo nalo lilimuuma.

Siku ya matokeo ukumbi ulifurika. Mkuu wa idara alikaa nyuma na daftari lake. Mzee alichagua kiti cha pembeni, karibu na mlango, na Laivu akakaa mstari wa mbele. Aliyesimama kusoma alikuwa kiongozi wa zoezi, binti mrefu mwenye miwani.

"Wanafunzi mia moja na arobaini walitumiwa barua," alisema. "Sitini na mmoja walitoa nywila zao." Wakachekana, wakanyosheana vidole. "Hata kwa walimu mtego umenasa. Majina hatutaji, ndivyo tulivyokubaliana."

Ukumbi ukachemka. "Mzee Slaidi!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na watu wakavunjika mbavu. Mzee akayakodolea macho mazulia.

Laivu akasimama.

"Acheni hayo," alisema. "Aliyenaswa ni mimi."

Kicheko kikakatika. Mzee aliinua kichwa akamwona mkuu akiandika kitu daftarini. Mara moja akaelewa: shemeji yake anamsitiri! Kajua, kamwonea huruma, kaubeba mzigo mbele ya watu wote. Mzee alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na somo lingekuwa lake.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu akatulia. Yeye alishikwa na wivu. Kijana kachukua wanafunzi, kachukua sifa za nyumbani, na leo hii anataka kuchukua na uungwana! Jioni dada yake angejua, na pale mezani zingeimbwa sifa za mtakatifu. Hapana. Hilo hapana kabisa.

"Mwongo huyo!" Alikuwa amesimama kabla hajajua. "Aliyenaswa ni mimi! Ananisitiri, na wala sikumwomba!"

Laivu akageuka, mdomo wazi. Yule binti akaitazama kompyuta yake, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Walimu walionaswa ni wawili," alisema. "Ni hao hao."

Usiombe uwepo. Kwa kelele zilizopigwa humo ndani, mlinzi wa getini alikuja kuchungulia. Mzee alipita katikati ya viti mpaka akafika mbele ya shemeji yake.

"Wewe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wewe ulikuwa unatafuta nini kwenye ile barua?"

"Alama zako."

"Zangu? Nina watu kumi na tisa, shemeji! Kwako wanakaa mpaka madirishani!"

"Kwangu wanapiga meza," alisema Laivu. Alikuwa hamtazami usoni. "Mtihani ukija, wanajibu kwa maneno yako. Neno kwa neno. Nasahihisha maswali yangu mwenyewe, nakusoma wewe ukurasa baada ya ukurasa. Hata mimi nikifundisha, maneno ni yako, nimejaribu kuyaacha yamenishinda. Nakuonea wivu tangu nakaa mstari wa mbele darasani kwako."

Kumbe kuna mtu aliyekuwa akimwonea Mzee wivu, miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwambia! Furaha ilimpanda, furaha mbaya, akalazimika kuuma mdomo wa chini ili isionekane.

Mkuu wa idara alikuwa amefika mbele, daftari mkononi.

"Mwalimu wa hifadhidata alipata barua kama hiyo," alisema. "Aliitazama, akapanda ngazi, akaja kuniuliza kama nimeituma mimi. Nikamwambia sikuituma. Akarudi kazini kwake. Hivyo ndivyo mnavyofundisha nyinyi wawili, au nimekosea?"

Akafungua daftari.

"Basi mwaka ujao somo ni lake. Nyinyi nendeni Utangulizi wa Kompyuta, wote wawili."

Akachana karatasi mbili daftarini, akaandika kwenye kila moja ukumbi, saa na idadi ya wanafunzi, akampa kila mtu ya kwake, akaondoka. Mzee aliikunja yake bila kuisoma. Akainamisha shingo kidogo upande wa kushoto, achungulie shemeji yake kapewa watu wangapi, wakagongana vichwa, maana shemeji naye alikuwa ameinama anaitafuta karatasi ya Mzee.