Nyumba Moja, Mzee Mmoja

Tangu pesa za wazee zibadilishiwe utaratibu, Wachuka hakupata kutulia. Alikuwa msimamizi wa wadi, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, mjini Nyeri. Kila asubuhi alikuta benchi la nje limejaa wazee waliovaa makoti juu ya makoti, wakipuliza viganja vyao kwa baridi. Pesa zenyewe hazikuwa za kaunti. Zilitoka serikali kuu, na kaunti haikuwa na neno juu yake. Lakini wazee walizoea kwenda palipo na mlango wazi, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa Wachuka.

Zamani, aliyekosa kule alipata kitu huku. Kaunti ilikuwa na stoo ndogo ya unga na maharagwe kwa wazee wasio na mtu. Utaratibu mpya ulipotangazwa, wakubwa wakaifunga. Ati sasa kila mzee atafikiwa, unga wa nini tena? Kumbe utaratibu ulikuja na masharti yake: wazee wote waandikishwe upya, wapitishwe na wananchi barazani, wasizidi nafasi ambazo wadi imepewa, na nyumba moja itoe mzee mmoja tu.

Mwisho kabisa wa benchi alikaa Champa, mjane wa Ambalal aliyekuwa na duka la vitambaa. Alivaa sweta ya kijivu juu ya sari, na soksi nzito ndani ya ndala. Hakusukumana na mtu.

"Shosho, hata wewe?" Wachuka alimwuliza, na akajuta kabla swali halijatoka lote mdomoni.

"Hata mimi," Champa akasema. "Niko na miaka kuliko hawa wengi. Kitambulisho iko hapa."

Wachuka, kama mji mzima, alidhani mama huyu ana mali. Jina la Ambalal lilikuwa bado limeandikwa juu ya jengo, kwa rangi iliyobabuka. Jioni moja akapita kumwona. Akakuta jengo liliuzwa zamani, Ambalal alipokuwa akiugua, na mmiliki mpya amemwachia mjane chumba cha uani kwa hisani tu. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la makaa na picha ya miungu iliyowekewa ua la plastiki. Jiko lilikuwa baridi. Wachuka alirudi nyumbani akitembea upesi upesi, kama mtu anayefukuzwa.

Baraza likafanyika katika ukumbi wa mji. Chifu Muchiri aliita majina, wananchi wakasema ndiyo au la, mpaka ikabaki nafasi moja na watu wawili: Champa na Hezekiah. Hezekiah alikuwa amebeba marobota katika duka la Ambalal tangu ujana wake mpaka magoti yakaisha. Sasa alitembea kwa fimbo na kulala katika kibanda cha mabati karibu na mto.

"Mhindi maskini umemwona wapi?" mama mmoja alipaza sauti, na ukumbi ukacheka. "Na si ako na kijana ng'ambo?"

Champa akasimama. "Ashish iko Uingereza. Yeye pia anatafuta. Siku hizi simu yake haishiki."

Watu wakacheka tena, ingawa si wote.

Wachuka alijua kwamba mtu wa kaunti hana sauti katika baraza la chifu. Akasimama hata hivyo. "Chifu, mimi nimefika kwa huyu mama. Hana kitu."

"Madam, hapa wanasema wananchi."

Wananchi wakainua mikono, na karibu yote ilikuwa ya Hezekiah. Mwenyewe alitazama sakafu, hakuinua kichwa hata kushukuru. Champa alikunja ncha ya sari, akatoka polepole, akiwaambia watu "nipisheni, nipisheni" kwa Kikuyu safi kuliko cha vijana wao.

Pesa za kwanza zilipoingia, Hezekiah alikuja ofisini. Hakutaka kukaa.

"Madam, hii pesa haiwezi kugawanywa? Nusu kwangu, nusu kwa Mama?"

"Serikali haigawanyi, Mzee. Lakini ikishafika mkononi mwako ni yako."

Akaenda moja kwa moja dukani, akanunua unga na mafuta, akabisha mlango wa chumba cha uani. Baadaye alimsimulia Wachuka mwenyewe. Champa alifungua, akaona mfuko, akafunga. Hezekiah akabaki pale nje ameegemea fimbo, manyunyu yakimlowesha, mpaka mlango ukafunguka tena.

"Hii ni unga ya ugali," Champa akasema. "Mimi nataka ya ngano."

"Nitarudisha."

"Na utakula hapa hapa. Sitaki watu waseme Champa anapewa."

Basi Hezekiah akawa anakula chapati na dengu kwa mke wa bwana wake wa zamani. Siku za kwanza alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwa nyumba. Champa akamkemea kwamba anazuia mwanga, naye akaingia ndani.

Huku nyuma Wachuka alikuwa amemwandikia Champa rufaa. Mkubwa wake, Kinyua, alimwita makao makuu ya kaunti.

"Wachuka, hiyo si kazi yetu. Ukimwandikia mmoja, kesho utaandikia mji mzima."

"Mji mzima uko kwenye benchi yangu tayari, bosi."

Rufaa ikaenda. Kwa kila gari lililosimama nje, Wachuka aliinuka dirishani. Hatimaye akatumwa kijana wa ukaguzi, Mwai, mpole, mwenye haraka. Alifika kwa Champa saa ya chakula.

"Nyinyi wawili mnakula hapa?" akauliza.

Hezekiah alifurahi kuulizwa. Alitaka kijana aone kwamba mama huyu ana heshima, hakutupwa. "Kila siku," akajibu.

"Sufuria moja?"

"Moja tu. Na anapika vizuri huyu, onja."

Mwai hakuonja. Alibonyeza kitu kwenye simu yake, akashukuru, akaenda zake.

Jibu lilimfikia Wachuka wiki iliyofuata: rufaa imekataliwa, nyumba ya mwombaji ina mzee anayelipwa tayari. Alisoma mara mbili, akatupa koti begani, akaenda karibu akikimbia. Aliwakuta Champa akikanda unga na Hezekiah akichambua dengu. Akawaeleza akiwa amesimama, maana aliona vibaya kukaa.

Hezekiah aliweka sinia chini. "Ni mdomo wangu. Mimi ndiye nimemnyima." Akatafuta fimbo yake. "Sitakuja tena hapa. Waje waone nyumba mbili."

"Kaa chini," Champa akasema.

"Mama, ukibaki peke yako watakupitisha."

"Nilibaki peke yangu tangu Ambalal akufe. Nani alinipitisha?"

Hezekiah akaiweka fimbo chini. Champa akaendelea kukanda, sasa kwa nguvu, unga ukimrukia usoni. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta kwa sababu ya mikono.

Kaunti ilipoita wananchi watoe maoni juu ya bajeti, Wachuka aliwaambia wazee wa benchi waende, na akaenda nao. Kinyua alimkazia macho kutoka meza ya mbele. Hezekiah akaomba kusema.

"Mimi napata pesa ya wazee, siombi kitu," akasema. "Lakini mlifunga stoo mkisema tutafikiwa wote. Huyu mama hakufikiwa, na sababu ni mimi kula kwake. Sasa nauliza, nyinyi wakubwa mnataka mzee akule peke yake ndio muamini ana njaa?"

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja aliandika kitu, mwingine akaomba maji.

Stoo ilifunguliwa tena baada ya mvua za vuli, ndogo kuliko ya kwanza, na Wachuka akaonywa kwa maandishi asipeleke tena watu mikutanoni. Ile barua aliiweka kwenye droo na kuandika rufaa ya pili ya Champa, ambayo mpaka leo haijajibiwa.

Siku ya kwanza ya stoo Champa alipokea maharagwe yake, akayamimina kiganjani na kuyasogeza machoni.

"Hii iko na wadudu," akasema.

"Nitachambua, Mama," Hezekiah akajibu.

"Wewe huoni. Shika tu mfuko."

Wakaondoka kupitia sokoni, yeye mbele, Hezekiah nyuma na fimbo yake, wakibishana kama yatalowekwa leo au kesho.