Pipa la Buluu la Mtaa wa Inkerman

Kila Jumapili mchana Trevor Entwistle aliwaalika ndugu zake kula nyama ya kuoka, na kila Jumapili yeye mwenyewe alikula chakula kilichopoa. Simu yake ilikaa mezani kando ya bakuli la mchuzi, na simu ile haikujua Jumapili. Mara mpangaji wa namba ishirini hana maji ya moto, mara yule wa namba tisa kajifungia nje. Trevor aliinuka na uma mkononi, akaenda kwenye ujia kubembeleza watu, akarudi kukuta mchuzi umeganda juu ya viazi. Halafu mtu huyo huyo, bila haya, aliketi, akapangusa mdomo na kutangaza kwamba nyumba ya kupangisha ni hela inayokuja umelala.

Mdogo wake wa kike, Denise, aliyasikia maneno hayo kwa miaka na hakuwahi kuyajibu, maana hakuwa na hela ya kubishania. Mwaka huu alikuwa nayo. Alikuwa amestaafu upishi wa shule, kazi iliyomwamsha gizani ujana wake wote kwenda kumenya viazi vya watoto wa watu, na pensheni ilimpa mkupuo wake. Haukuwa utajiri. Lakini ulitosha kununua kijumba kimoja pale Accrington, mji uliochoma matofali ya nusu ya Uingereza na ambao watu wake, hadi leo, hawaamini kitu wasichoweza kukipiga teke.

Na kijumba chenyewe kilikuwa tayari. Namba kumi na sita, Mtaa wa Inkerman, ukuta kwa ukuta na moja ya nyumba nne za Trevor. Trevor alikuwa ameshazungumza na dalali, ameshapatana bei, ameshachagua hata rangi ya mlango. Kitu kidogo tu alichosahau ni kumuuliza mwenye hela.

Mwenye hela alikuwa na mpango wake. Alitaka kuiweka kwenye mfuko wa uwekezaji, ule unaonunua vipande vidogo vidogo vya hisa za makampuni ya dunia nzima, kisha aiache huko miaka kumi na tano bila kuichungulia. Mkate wake ungetoka kwenye pensheni ya kila mwezi. Na muda wake, ule aliokuwa hajawahi kuwa nao tangu aolewe, alitaka kuupeleka kwenye bendi ya matarumbeta. Alipiga tarumbeta alipokuwa msichana, akaiacha watoto walipozaliwa, na sasa bendi ilimpokea tena kwa sharti moja: asikose mazoezi hadi Ijumaa ya Pentekoste, siku ambayo bendi zote za kaskazini hupita vijijini kushindana. Kiti kile cha bendi alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona aibu kusema hivyo.

"Hisa," alisema Trevor Jumapili hiyo, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole. "Hiki ninakigusa. Hisa yako utaigusa wapi?"

Akamkumbusha ule mwaka ambao hisa zilipoteza nusu ya thamani na wastaafu wakalia redioni. Denise akamkumbusha kwamba mwaka huo huo alikuwa na nyumba nne na hakupata mtu wa kununua hata moja. Trevor akasema hakuhitaji kuuza. Denise akasema basi na yeye hatahitaji. Hapo kaka mtu akawa mwekundu, akasema kodi inaingia kila mwezi, je, mfuko wake utamlipa nini kila mwezi? Denise akasema gawio la faida linaingia lenyewe na kununua hisa nyingine, na halijawahi kuziba choo. Meza nzima ikacheka, naye Trevor akachukia hasa.

Ndipo akatoa wazo lake. Yeye na mkewe, Pauline, walikuwa wanaondoka kwenda kisiwani Tenerife kwa wiki mbili, safari ambayo Pauline aliipata kwa kutishia kwenda peke yake. Denise abaki na simu na funguo. Awe mwenye nyumba kwa wiki hizo mbili, aone ulaini wa kazi. Akiona ni laini, atie saini kwa dalali, ambaye alikuwa akisubiri jibu kabla ya wao kurudi. Akiona si laini, Trevor hatalitaja neno nyumba mbele yake mpaka afe.

Denise alisita. Pauline alikuwa akipakua njegere, na hakuinua macho.

"Kubali, wifi," alisema. "Nami nikaote jua na mume asiye na simu, walau mara moja kabla sijazeeka."

Basi akakubali. Na wiki ya kwanza, jamani, simu ile ilikaa kimya kama imekufa. Mpangaji mmoja tu alipiga, kusema kodi ameshatuma. Denise akaenda mazoezini, akapuliza, akarudi. Redio nayo ikatangaza kwamba masoko ya hisa yameporomoka siku tatu mfululizo, na alipokuwa anaosha vyombo akaanza kujiona mjinga. Alichukua ufunguo kwa dalali, akaingia namba kumi na sita, akasimama chumba cha mbele akipima dirisha kwa macho. Mapazia ya manjano yangependeza. Usiku alijiuliza kwa nini anabishana na watu waliomtangulia kujua, na asubuhi alikaribia kabisa kumpigia dalali.

Wiki ya pili mvua ikaanza, na simu ikafufuka. Jumatatu ilikuwa ukungu wa ukutani, namba tisa. Mpangaji alisema ni mfereji wa paa unaovuja. Denise aliona nguo mbichi zimetandazwa juu ya kila chuma cha kupasha nyumba joto na madirisha yote yamefungwa, akasema mvuke wa nguo ndio unaoleta ukungu, afungue madirisha. Mpangaji akamuuliza kama atamlipia joto litakalotoka nje. Ugomvi huo umekuwapo Uingereza tangu nguo zianze kufuliwa, na Denise aliondoka akiwa hajui nani ana haki. Jumanne mtambo wa joto wa namba ishirini ulizimika, na mle mna mtoto mchanga. Alimsubiri fundi mpaka giza likaingia, na mazoezi yakampita. Kiongozi wa bendi hakufoka. Alimpigia kwa upole kumwambia kuna binti mmoja anapiga vizuri sana na hana kiti, na kwamba akikosa tena Alhamisi itabidi ampe. Denise alikaa kwenye ngazi za watu na kulia kidogo.

Jumatano jioni akaenda namba kumi na nne. Humo aliishi Mzee Albert Duckworth, fundi wa tanuri la matofali enzi hizo, ambaye magoti yalikataa kusukuma pipa la taka hadi barabarani. Kumbe Trevor ndiye aliyemsukumia, kila Jumatano, mvua au theluji; wiki ya kwanza kijana mpita njia alikuwa amemsaidia mzee. Hilo la kulala na hela kuingia halikuwa na habari za pipa. Maelekezo aliyomwachia Denise yalikuwa marefu, ila hayakusema wiki hii ni zamu ya pipa jeusi la taka za kawaida au la buluu la karatasi na chupa, ambayo hupokezana wiki kwa wiki, kwa sababu Trevor hakufikiri kuna mtu asiyejua.

Sasa watu wa kule, mtu akisahau ni zamu ya rangi gani, hatafuti kalenda ya halmashauri. Kalenda iko kwenye droo, chini ya betri zilizokwisha. Anachungulia dirishani aone jirani katoa lipi, naye anatoa hilo hilo. Denise alitazama mtaa juu na chini, hakukuwa na pipa hata moja. Akabahatisha, akatoa la buluu, akaingia ndani kunywa chai na mzee. Alipotoka, mapipa ya buluu yalikuwa yamejipanga pande zote mbili kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, yamenyooka kama gwaride. Akafurahi moyoni. Kumbe ameotea.

Asubuhi gari la taka likapita, likatafuta mapipa meusi, halikuona hata moja, likaenda zake. Denise alikuja kurudisha pipa akakuta mtaa mzima uko nje na malapa, mikono kiunoni, kila mtu amebaki na taka za wiki mbili zinazoanza kunuka. Wakaulizana nani aliyeanza. Vidole vyote vikaelekea namba kumi na nne. Walisema wao huangalia pale tu, kwa sababu Trevor hakosei.

Mzee Duckworth alikuwa mlangoni na joho lake la kulalia, akicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Ni nyinyi wale wale," alisema alipopata pumzi. "Babu yako alinunua nyumba mtaa huu huu, Denise, mtaa wote ukanunua. Nilikuwa kijana, nikamuuliza kwa nini nyumba. Akaniambia, Albert, mtu wa kiwandani kama mimi, kuna kitu gani kingine watakachokubali kuniuzia?"

Denise alisimama pale akiwa ameshika mpini wa pipa. Aliyasikia maneno yale yakimwingia moja kwa moja. Babu alinunua kwa sababu hakuwa na mlango mwingine wa kugonga, na alifanya vyema, Mungu amrehemu. Baba akanunua kwa sababu babu alinunua. Trevor akanunua nne kwa sababu baba alinunua moja. Na yeye wiki iliyopita alikuwa akipima mapazia. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kufungua droo akatazama kalenda.

Alimpigia dalali pale pale, kwa simu ya Trevor, mbele ya majirani na mapipa yao. Alisema ahsante, nyumba ni nzuri, apewe mwingine. Dalali alimwambia atajuta. Denise akasema inawezekana, lakini atajuta akiwa amekaa.

Jioni ile ilikuwa Alhamisi ya mazoezi, na hapakuwa na mtu wa kushika simu. Akampa Mzee Duckworth. Inasemekana wapangaji wawili walipiga, na mzee aliwahoji kwa sauti ya tanurini mpaka wote wawili wakagundua shida zao zinaweza kungoja asubuhi. Denise akaenda kukaa kwenye kiti chake, yule binti amesimama nyuma akingoja, na akapuliza kama mtu aliyetoka kifungoni. Alipomaliza kipande chake, kiongozi wa bendi alimtazama yule binti na kutikisa kichwa kumwomba radhi. Denise alirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, akiimba.

Jumapili Trevor alikuwa amerudi, mwekundu hadi masikioni kwa jua. Nyama ilikuwa mezani, viazi vinatoa moshi. Denise aliweka simu na funguo kando ya bakuli la mchuzi. Alikuwa amejiandaa kwa vita.

"Sikununua," alisema. "Nyumba zako si mbaya, kaka, na kodi inaingia kweli. Lakini haiji umelala, maana wewe hulali. Hisa zangu zikianguka zitaniuma, najua, na huenda zikaanguka mwaka huu huu. Ila hazitanipigia simu. Pumzi niliyobakiza ni ya tarumbeta."

Akangoja. Trevor aliitazama simu. Kisha akaisukuma kwa kidole kimoja, polepole, ikavuka kitambaa cha meza na kumrudia Denise.

"Siitaki," alisema.

Ikabidi Pauline aeleze, maana mumewe alishindwa. Kule Tenerife siku tatu za mwanzo alikuwa akijipapasa mfukoni kila dakika, hadi watu wa ufukweni wakadhani ana upele. Siku ya nne alilala kwenye kiti mchana kweupe, akakoroma, na alipoamka akamuuliza Pauline kama hivi ndivyo watu wengine wanavyoishi. Pauline alisema hayo na macho yakamjaa machozi. Trevor akakohoa, akasema wapangaji wa nyumba mbili wakihama ataziuza, moja ataikabidhi kwa watu wa kusimamia, na namba kumi na nne haigusi maadamu Albert yu hai, na Jumatano zake ni zake. Halafu akamuuliza mdogo wake, bila kumtazama usoni, huo mfuko wake mtu anaingiaje.

Denise alitaka kucheka kwa ushindi, na akacheka kweli, kwa sauti, na hakuna aliyemlaumu.

Simu ikalia. Mkono wa Trevor ulishtuka, ukasimama hewani. Pauline aliichukua yeye, akasikiliza, akaiziba kwa kiganja.

"Ni mtu wa Mtaa wa Inkerman," alisema. "Anauliza wiki hii ni pipa gani."

"Mwambie afungue droo atazame kalenda," alisema Denise. "Na mwambie mwenye nyumba anakula."

Pauline akamwambia, akaizima, akaiweka juu ya kabati. Trevor alichukua uma, akakata kiazi, akakitia mdomoni na kikamuunguza ulimi. Alikitafuna hivyo hivyo, akipuliza, machozi yakimlengalenga, akaomba aongezewe mchuzi.