Mgongo wa Mama Agnès

Donat aliinua mkono kama walivyopatana, juu kabisa, kiganja wazi, akafoka kwamba katika nyumba yake mnyama hatalala tena. Mama Agnès akajikunyata pembeni ya meza, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kile kilio chake cha sinema ambacho majirani wa mtaa wa Kampemba walikwisha kukizoea. Mkono ule ulitakiwa upite hewani tu, usimguse. Haukufika. Sokwe wao, Princesse, aliruka kutoka juu ya kabati, kimya, akaudaka ungali njiani, akauma.

Onésime, mwenye kamera, alisahau kusema "Coupez" ya kukata picha. Kamera iliendelea kuchukua picha wakati Mama Agnès, ambaye sasa hakuwa akiigiza, alipomkumbatia sokwe kiunoni na kumbembeleza kwa sauti ndogo hadi meno yakaachia. Damu ilikuwa juu ya kitambaa cha meza. Princesse alirudi nyuma ya sketi ya mama yake, nywele zimemsimama mwili mzima, akimtazama Donat kama mtu ambaye hajamaliza mazungumzo.

Donat alikuwa kinyozi karibu na soko, na vidole vilivyoumwa ni vya mkono wa kulia, mkono wa mashine. Mama Agnès alimwendea nyumbani na mikate ya moto, ile mikate ya mafuta aliyokuwa akiikaanga kila asubuhi kwenye kona ya barabara yao. Alikuwa ametayarisha maneno mengi ya kuomba radhi. Donat hakumngoja ayaseme.

"Haiko mubaya, ile mutoto," alisema, bandeji ikiwa juu ya goti lake. "Mu macho yake, mwanaume alitaka kupiga mama yake. Weye ungefanya nini?"

Kisha akacheka kidogo, akasema kwamba katika miaka yote aliyoigiza ubaba wa nyumba ile, huyo ndiye mtazamaji wa kwanza kumwamini. Lakini mbele ya kamera hatarudi tena. Mama Agnès aliporudi nyumbani njia nzima alikuwa na neno hilo moyoni. Princesse aliamini. Wao wote walikuwa wakicheza, naye peke yake alikuwa akiishi.

Mama Agnès alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kuziba matundu ya mabehewa, na mume aliyempata naye alikuwa wa reli. Mama Agnès alimzalia binti mmoja, Dorcelle, kisha mume akafa kwa homa. Dorcelle aliolewa Sakania, kule mpakani. Mama akabaki na sufuria yake ya mafuta, misa ya Jumapili, na michezo ya kuigiza ya parokia, ambamo daima alipewa nafasi ya mama mkwe mkali kwa sababu ya sauti yake nzito.

Huko ndiko Onésime alikomwona. Onésime alikuwa kijana wa watu wa Kivu Kaskazini, familia ya wauzaji wa jumla. Kaka zake walisafirisha maharagwe na vitunguu kwa malori. Yeye alibeba kamera. Alitaka kutengeneza filamu ambazo babu, mama na watoto wanaweza kukaa pamoja kuziangalia bila mtu yeyote kufunikwa macho, naye alikuwa amegundua kwamba hakuna kinachoikusanya familia mbele ya televisheni kama kuona familia nyingine inaishi na mnyama wa ajabu. Alianza na chatu, lakini chatu alilala filamu nzima. Kisha siku moja alikuja kwa Mama Agnès na katoni iliyotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na kitu chepesi kama paka mwenye njaa, kikijishika chenyewe mabegani kwa mikono yote miwili.

Alisema aliuziwa na watu wa barabarani, na kwamba angemwacha pale angekufa. Mama Agnès hakuuliza zaidi. Alikitoa kile kitoto, kikamshika nguo ya kifuani, kikakataa kuiachia. Siku zile alikaanga mikate na sokwe kifuani, amemfunga kwa kitenge asirukiwe na mafuta.

Filamu ya kwanza ilipokwisha, Princesse hakuwa na mahali pa kwenda. Akabaki. Zikaja nyingine, naye akakua ndani ya filamu hizo kama watoto wa watu wanavyokua ndani ya albamu za picha. Mama Agnès alijifunza kazi ile polepole, kwa kukwaruzwa na kwa kuvuliwa kilemba. Alijifunza kwamba kwa sokwe meno yakionekana ni woga, si furaha. Kwa hiyo katika filamu zote alitabasamu midomo imefungwa, na wanawake wa parokia wakasema ana tabasamu la sista. Kwa picha za kukumbatiana alificha vipande vya muwa ndani ya kilemba. Lakini kwa picha ya mwisho hakuhitaji muwa. Aligeuka tu, akawapa kamera na mtoto mgongo, akakunja magoti na kuinama kidogo. Popote alipokuwa, hata kileleni mwa mti wa avokado, Princesse alishuka mbio, akapanda, akamshika shingoni. Wakaondoka pamoja kuelekea mlangoni mwa parsele, ua wa nyumba yao. Onésime aliiita "ile ya mugongo". Kila filamu iliishia hapo, na watoto wa mtaa, wakicheza mchezo wa Princesse, waliinamiana migongo barabarani.

Yasiyoonekana kwenye filamu yalikuwa mengine. Madirisha ya nyumba yaliwekewa wavu wa chuma. Sukari ilikaa chini ya kufuli. Hakuna jirani aliyethubutu kufuga kitu karibu na ukuta wao. Princesse alilala miguuni mwa kitanda, baadaye kitandani, na usiku wa mvua alimkumbatia Mama Agnès hadi mkono ukafa ganzi. Dorcelle alipojifungua mtoto wake wa kwanza, alisema kwenye simu kwamba atamleta siku nyumba ile itakapokuwa ya bantu tu, ya watu bila mnyama. Mama alijibu kwamba nyumba ni yake. Wakanuniana, na mjukuu akaanza kutembea bila bibi yake kumwona ila kwenye picha za simu.

Baada ya Donat kuumwa, ni Mama Agnès mwenyewe aliyesema kwamba Princesse lazima aende. Onésime alizunguka, akapata kituo kimoja nje ya mji, chenye miti na uzio mrefu, kinacholea sokwe waliotolewa majumbani na sokoni. Walimkubali, wakakubali pia kamera, mradi ikae nje ya uzio. Onésime akafufuka. Aliona filamu nzima: mama anamrudisha mtoto kwa watu wake. Princesse atawaona sokwe wenzake, atasimama, atafikiri, kisha atamchagua mama, atakuja mbio hadi kwenye uzio, na Mama Agnès ataigiza ile ya mugongo kwa mara ya mwisho. Alisema watoto watalala vizuri usiku huo. Mama Agnès alisema sawa. Alikuwa akisema sawa kwa Onésime kwa miaka.

Aliyewapokea kituoni ni mwanamke aitwaye Mwelwa, mwenye viatu virefu vya mpira na kovu la kucha kwenye shavu. Princesse aliwekwa peke yake kwanza, apimwe asiwaletee wenzake ugonjwa, na Mwelwa akamwomba Mama Agnès asije kumwona mpaka aitwe. Alipoitwa, pamoja na Onésime, Mwelwa aliwakalisha kwenye benchi, akaweka mbele yao kitu kidogo ndani ya kikombe cha kioo. Kilikuwa chembe ya risasi ya gobore, nyeusi, ndogo kama punje ya mtama. Walikuwa wameitoa chini ya ngozi ya kwapa la Princesse.

Mama Agnès alikuwa amemwogesha mtoto huyo tangu akiwa mwepesi kama paka, na vidole vyake havikuwahi kuihisi chembe hiyo.

"Mama yake njo alipigwa risasi," Mwelwa alisema. "Mutoto alikuwa amemushika hapa, pa kifua. Bantu banamupata vile, bado amemushika."

Alilisema bila ukali, kama mtu ambaye amelisema mara nyingi na hajalizoea. Onésime alifunga kifuniko cha kamera, akakifungua, akakifunga tena. Mama Agnès aliweka mkono kifuani pake mwenyewe, pale ambapo vidole vile vidogo vilishika nguo na kukataa kuachia.

Siku ya kumwachia kati ya wenzake ilikuwa siku ya jua, baada ya mvua. Mwelwa aliwasimamisha nje ya uzio, kwenye nyasi, akaeleza kwamba mlango wa kile chumba cha Princesse utafunguliwa upande wa miti. Kuna jike mzee wanamwita Kalaba, mpole, ambaye amewapokea wengine kabla ya huyu. Kalaba akimkaribia naye akakubali, mambo yatakwenda. Akikataa na kukimbilia uzio, watalazimika kumrudisha ndani, na mara ya pili huwa ngumu zaidi, kwa sababu wale wengine wataanza kumwona kama mgeni asiyewataka. Kisha Mwelwa akaenda kufungua mlango.

Princesse alitoka akitembea kwa miguu miwili, mikono imeinuliwa, jinsi alivyozoea kutoka jikoni. Nyasi zilikuwa na maji. Akatazama nyayo zake. Mbali, chini ya miti, sokwe kama saba waliacha walichokuwa wakila. Mmoja akapiga kelele, na nywele za Princesse zikasimama. Aligeuka kutafuta mlango, ulikuwa umefungwa. Akatafuta huku na huku. Akamwona mama.

Kilio alichotoa Princesse, Mama Agnès alikijua. Ni kile cha usiku wa radi.

Kalaba alikuwa amekwisha kusogea, taratibu, akakaa chini hatua chache kutoka kwake, akitazama pembeni kana kwamba alifika pale kwa shughuli nyingine. Princesse hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye uzio.

Onésime alinong'ona, jicho lake ndani ya kamera. "Sasa, mama. Geuka. Inama kiloko tu, mara moya. Atakuja hapa ku wavu, nitapata picha, kiisha bataendelea na kazi yao."

Magoti ya Mama Agnès yalianza kukunjika bila yeye kuyatuma. Yalikuwa yamefanya kazi hiyo mara nyingi mno. Aliyanyoosha. Alitaka angalau amtabasamie, amwonyeshe kwamba hakuna cha kuogopa, akasikia midomo inafunguka na hewa inagusa meno yake, akaifunga haraka. Akabaki amesimama wima, uso mbele, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyeitwa ubaoni.

"Mama," Onésime alisema tena. "Watoto bataona namna gani?"

"Hapana, Onésime. Kwake haiko sinema. Nikiinama, ataona ninamuita kweli."

Princesse alilia hadi sauti ikakwaruza. Alinyoosha mkono kuelekea uzio, kiganja juu, akaurudisha, akaunyoosha tena. Mama Agnès alisimama. Machozi yalimshuka hadi shingoni na hakuyafuta, kwa sababu mkono ukipanda usoni Princesse angeufuata kwa macho na kudhani ni ishara. Hakupata kuigiza lolote gumu kama kule kutofanya kitu.

Kisha Kalaba akasogeza mkono wake mrefu, akaugusa mguu wa Princesse. Hakuushika. Aliugusa, akaanza kupekua nywele za kisigino, moja moja, akitafuta kitu ambacho labda hakikuwapo. Princesse alishtuka, akautazama mkono ule. Ulikuwa kama wake, ila mkubwa na wenye makunyanzi. Alitazama uzio. Alitazama mkono. Polepole akakaa kwenye nyasi zenye maji, bado akishikwa na kwikwi, na Kalaba akapanda na upekuzi wake hadi gotini.

Mama Agnès aliondoka kwa kurudi nyuma, hatua kwa hatua, bila kuwageuzia mgongo hadi miti ilipomficha.

Walirudi kwa gari. Onésime aliendesha polepole, akiyakwepa madimbwi. Karibu na mji alisema kwamba mwishowe alikuwa ameigeuza kamera. Hakumchukua Princesse, alimchukua Mama Agnès mwenyewe. Hakujua kama watu wataipenda, na hakujua kama atatengeneza nyingine. Mama Agnès alisema amteremshe sokoni, hana mafuta ya kukaangia kesho.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia, na Donat alikuja, akakaa mstari wa mbele na vidole vyake viwili visivyokunjika sawasawa. Mwishoni palikuwa na uso wa Mama Agnès tu, mkubwa kama ukuta, haufanyi lolote. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama Princesse atarudi, na mama yake, badala ya kumnyamazisha, akampakata. Onésime alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na watu walipotoka walimpa mkono.

Wiki hiyo Mama Agnès alimpigia Dorcelle simu. Waliongea juu ya bei ya unga na juu ya mafua ya mtoto, mwishowe Dorcelle akauliza treni ya Sakania siku hizi inafika huko saa ngapi, na mama akasema atauliza.

Asubuhi iliyofuata aliazima koleo kwa jirani, akaanza kuung'oa wavu madirishani. Misumari ilikuwa imeshika kutu na ilitoka ikilia. Dirisha la chumba cha kulala lilipobaki wazi, mwanga uliingia hadi ukutani, ukaonyesha alama za viganja ambazo hakuwahi kuziona, nyingine ziko juu sana karibu na dari. Alikuwa akizitazama aliposikia kitu mlangoni. Kuku wa jirani mpya alikuwa amevuka kizingiti. Alisimama, akainamisha kichwa upande mmoja, akaingia. Alizunguka miguu ya meza, akadonoa sakafu mahali pasipo na kitu, akaenda chumbani, akatafuta mahali pa kutaga, hatimaye akajipenyeza kwenye rundo la vitenge chini ya kitanda na kutulia. Mama Agnès alibaki na koleo mkononi. Alivuta kiti taratibu, kisilie, akakaa.