Zikibaki Ngazi Kavu Mbili

Mvua ilianza milimani tangu alfajiri, na kufikia mchana mto Lumemo ulikuwa umegeuka rangi ya matope. Mama Restituta, mwangalizi wa kipima maji kwenye ngazi za kivuko cha miguu, akanipigia simu.

"Fulgensi, njoo. Mashine yako imenyamaza, na Evarist yuko ng'ambo anavuna mpunga."

Evarist ni mumewe. Lugha ya kuiamuru mashine hiyo itume ujumbe wa hatari kwa wakulima maji yakipanda niliitunga mimi, kwa Kiswahili. Naandika mashairi, na humo pia niling'oa kila neno nililoliona la ziada. Nilijivuna sana: mama asiyejua kompyuta alijifunza kwa saa moja!

Nilipofika akanionyesha amri aliyoiandika mwenyewe: "maji 2 tuma".

"Shikamoo mama. Hapa mbili ni ngazi mbili kutoka chini. Ndiyo maana Jumanne ilituma mapema, watu wakakimbia bure; leo maji yameshaipita mbili, haitumi tena."

"Kutoka chini?" Hata salamu hakuitikia. "Nani anahesabu ngazi zilizozama? Unaziona? Tunahesabu kavu! Zikibaki mbili, unakimbia. Hiyo lugha yako ingeniuliza, ingekufa?"

Nilitaka kubisha. Nikatazama kivukoni: kavu zilikuwa tatu.

Akampigia Evarist. Mtandao ukakatakata, tulisikia tu "kama Jumanne" na kicheko.

Nikafungua laptopu magotini. Nikayarudisha maneno niliyoyang'oa. Sasa namba isiyosema inahesabu nini inakataliwa, na ujumbe unabeba maneno ya mwandishi wa amri. Nilipoinua macho, tatu zilikuwa mbili.

"Andika wewe, mama."

Akaandika, herufi moja moja: "zikibaki ngazi kavu 2 tuma". Simu zetu zikalia pamoja: "Zimebaki ngazi kavu 2."

Tukasubiri. Maji yakailamba ya pili. Kutoka ng'ambo akatokea mkulima Minza na mwanawe mgongoni, wakatokea wengine, na mwisho kabisa Evarist, mbio, gunia begani.

"Jumanne simu iliandika 'kiwango 2'," alisema akihema. "Nikasema upuuzi wa mashine. Leo nikajua ni mke wangu."

"Na gunia unalibeba la nini, mzee wewe!" mama alifoka, machozi yakimtoka.

Nyuma ya Evarist ilibaki ngazi kavu moja.